Akiba ya Kisogoni: Kijana Mwanamichezo na Upandikizaji wa Nywele

Upara wa mapema ni jambo ambalo watu wazima hulifanyia mzaha, lakini kijana aliyepatwa nalo halioni kuwa mzaha. Mwanamichezo wa miaka 20, ambaye hutazamwa na umati kila juma na picha yake kuenezwa kila mahali, aonapo pembe za paji lake zikipanda juu mwezi hata mwezi hupatwa na fadhaa. Zamani hakuwa na njia ila kunyoa au kuvaa kofia. Siku hizi tangazo la kliniki ya Istanbul au ya mji mwingine humfikia mkononi, ndani ya simu yake, likimwahidi kichwa chenye nywele tele kwa kazi ya siku moja. Swali linalomkabili ni hili: je, aende akapandikizwe?

Wako wanaomwambia aende upesi, maadam fedha anazo. Wako pia wanaomkemea na kusema kwamba mwanamume hapaswi kushughulika na urembo. Pande zote mbili zinakosea, kwa sababu hazikulitazama jambo lenyewe kwa jicho la sayansi. Upandikizaji wa nywele ni tiba halali na yenye manufaa kwa mtu anayefaa, katika wakati unaofaa. Lakini kwa kijana ambaye upara wake ndio kwanza unaanza, wakati huo aghalabu haujafika. Sababu ya kumtaka asubiri si suala la adabu wala la ushujaa. Ni suala la hesabu.

Jinsi nywele zinavyopotea

Kichwa cha binadamu kina nywele zipatazo 100,000. Kila unywele huota katika kinyweleo chake, nao hupita vipindi vitatu: kipindi cha kukua, ambacho huchukua miaka 2 hata 6; kipindi kifupi cha kusinyaa; na kipindi cha kupumzika cha miezi mitatu hivi, ambacho mwisho wake unywele hudondoka na mwingine kuanza kuota mahali pale pale. Ndiyo maana mtu mwenye afya hupoteza nywele 50 hadi 100 kila siku bila kuwa na upara.

Katika upara wa kawaida wa wanaume vinyweleo havifi ghafla. Hudhoofika polepole. Homoni ya kiume iitwayo testosteroni hugeuzwa na kimeng'enya fulani cha mwilini kuwa homoni kali zaidi, dihidrotestosteroni. Kwa mtu aliyerithi wepesi wa kudhurika, homoni hiyo hufupisha kipindi cha kukua katika vinyweleo vya mbele na vya utosini. Kila mzunguko unywele huota mwembamba na mfupi kuliko uliotangulia, mpaka ubaki kama manyoya ya mtoto mchanga.

Ushahidi wa jambo hili ni wa zamani. Mwaka 1942 mwanasayansi Mmarekani James Hamilton alionyesha kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawapati upara, na kwamba baadhi yao huweza kuupata wakipewa testosteroni, hasa ikiwa upara umo katika ukoo wao. Mwaka 1974 Julianne Imperato-McGinley na wenzake walieleza habari za ukoo fulani katika Jamhuri ya Dominika, ambamo baadhi ya wanaume huzaliwa na upungufu wa kile kimeng'enya. Wanaume hao hawapati upara. Kutokana na maarifa hayo ilitengenezwa dawa ya finasteridi, ambayo tutaona umuhimu wake kwa mwanamichezo hapo mbele.

Watu husema kwamba upara hurithiwa kwa upande wa mama. Kauli hiyo ina ukweli nusu. Jeni moja iliyo muhimu imo katika kromosomu ya X, ambayo mwana wa kiume huipata kwa mama yake. Lakini jeni nyingine nyingi zinahusika, nazo hutoka kwa wazazi wote wawili. Hivyo mwalimu wa elimu ya viumbe anayetaka mfano wa sifa inayorithiwa kwa jeni nyingi pamoja anao mfano huu kichwani mwa jirani yake.

Jambo la kushikwa hapa ni kwamba upara huendelea kwa miaka mingi. Anayeanza kuupoteza mstari wa nywele akiwa na miaka 19 au 20 aghalabu ndiye atakayefika mbali zaidi. Akiwa na umri huo hakuna daktari awezaye kusema kwa yakini upara wake utaishia wapi.

Kuhamisha si kuongeza

Neno kupandikiza huwapoteza wengi. Mkulima apandikizapo miche ya mpunga, aliiotesha kwanza katika kitalu kwa mbegu nyingi apendavyo. Upandikizaji wa nywele hauko hivyo. Hakuna mbegu wala kitalu. Daktari huchukua vinyweleo vya kisogoni na vya pande za kichwa, akavipachika mbele. Mahali vilipotoka haviotei vingine.

Daktari Mjapani, Shoji Okuda, alichapisha habari za kazi ya namna hiyo mwaka 1939, akiitumia kwa watu waliopoteza nywele kwa makovu. Vita vikafanya kazi yake isijulikane nje ya nchi yake. Mwaka 1952 Norman Orentreich alianza kazi hiyo mjini New York, na mwaka 1959 akaeleza kanuni ambayo ndiyo msingi wa tiba hii hata leo: kinyweleo kilichohamishwa huendelea na tabia ya mahali kilipotoka. Kile cha kisogoni, ambacho hakidhuriwi na homoni, hakitadhuriwa hata kikiwa juu ya paji.

Kanuni hiyo ina upande wake wa pili, ambao matangazo hayautaji. Nywele zilizohamishwa zitabaki, lakini zile za asili zilizo nyuma yake zitaendelea kuondoka. Kijana aliyejaziwa mstari wa mbele akiwa na miaka 20 aweza kujikuta akiwa na miaka 35 ana ukanda wa nywele mbele, na nyuma yake uwanja mtupu, kama ua lililobaki limesimama baada ya nyumba kubomolewa. Hapo hana budi kupasuliwa tena ili kuufuata upara unaokimbia.

Hesabu ndogo yatosha kuonyesha hatari hiyo. Nywele huota kwa mafungu madogo ya nywele moja hadi nne. Kwa mtu wa kadiri, mafungu yawezayo kuchukuliwa kisogoni katika maisha yake yote bila kisogo chenyewe kuonekana kimenyonyoka ni kama 6,000. Upara uliokomaa kabisa waweza kufika sentimeta mraba 200. Kichwa chenye nywele kamili huwa na mafungu 60 hadi 80 katika kila sentimeta mraba. Kuurudisha upara huo katika hali ya awali kungehitaji basi mafungu 12,000 au zaidi. Hayapo.

Chukulia sasa vijana wawili ambao hatimaye watakuwa na upara wa ukubwa huo. Wa kwanza anakwenda kwa daktari akiwa na miaka 20, anadai mstari wa chini kama wa mtoto na nywele nene. Sentimeta mraba 80 zikijazwa mafungu 50 kila moja, zitatumika 4,000. Yatabaki 2,000 kwa ajili ya sentimeta mraba 120, yaani yapata 17 tu kwa kila moja. Wa pili anangoja mpaka miaka ya mwisho ya ishirini, upara umejionyesha unakoelekea. Anakubali mstari wa juu unaomfaa mtu mzima, sentimeta mraba 60 kwa mafungu 35. Zitatumika 2,100, na 3,900 zitabaki kwa sentimeta mraba 140, yaani karibu 28 kwa kila moja. Akiba ilikuwa moja. Tofauti yao ni wakati na kiasi. Ndiyo sababu madaktari wengi waangalifu husita kumpasua aliye chini ya miaka 25.

Mfano wa Rooney

Mfano ujulikanao sana ni wa Wayne Rooney, aliyekuwa mshambuliaji wa Manchester United na Uingereza. Mwezi Juni 2011, akiwa na miaka 25, alitangaza mwenyewe katika mtandao wa Twitter kwamba amepandikizwa nywele katika kliniki moja ya London. Uwazi wake ulisaidia watu wengi kuacha kuona haya. Vijana waliomwiga hata hivyo huangalia picha tu, wala hawaangalii mambo mawili.

La kwanza ni kalenda. Rooney alicheza fainali ya klabu bingwa za Ulaya tarehe 28 Mei, kisha akaitumia nafasi ya mapumziko ya kiangazi. La pili ni kwamba mwaka 2013 magazeti ya Uingereza yaliripoti kuwa amerudi kwa mara ya pili. Mtu mwenye mapato yake aweza kurudi mara ya pili na hata ya tatu. Mchezaji wa daraja la pili, aliyekusanya mshahara wa mwaka mzima ili alipie safari moja, hana uwezo huo, na upara hautamngoja apate fedha nyingine.

Mwili wa mwanamichezo baada ya upasuaji

Upasuaji wenyewe hufanywa kwa kutia ganzi, na huchukua saa nyingi, pengine siku nzima. Vidonda vidogo hukauka katika siku 7 hadi 10. Nywele zilizopachikwa hudondoka katika wiki chache za kwanza, jambo linalowatia hofu wasioambiwa mapema. Huanza kuota upya baada ya miezi 3 au 4, na matokeo kamili huonekana baada ya mwaka mmoja hivi.

Kwa karani wa ofisini hayo ni maudhi madogo. Kwa mwanamichezo ni mapumziko ya lazima. Jasho jingi, jua kali na msukumo wa damu kichwani havifai katika siku za mwanzo. Mpira wa kichwa, ngumi, mieleka, kuogelea na kuvaa kofia ngumu huhitaji kungojwa zaidi, aghalabu kwa kiasi cha mwezi mmoja kwa maagizo ya daktari. Ikiwa daktari amekata ukanda mzima wa ngozi kisogoni na kuushona, anyanyuaye vyuma na aogeleaye huhatarisha kulipanua kovu lao kwa kukunja shingo mapema. Anayefanya jambo hili katikati ya msimu huiibia timu yake, na huenda akakosa nywele pia.

Liko na jambo linalohusu hasa wenye asili ya Kiafrika. Nywele za kipilipili zina mzizi uliopinda chini ya ngozi. Chombo cha duara kinachotumika kung'oa fungu moja moja kikiingizwa wima huukata mzizi huo, na kinyweleo hufa. Kwa hiyo daktari asiye na uzoefu wa nywele hizo aweza kupoteza sehemu kubwa ya akiba ile ile isiyorudi. Aidha, ngozi nyeusi ina wepesi zaidi wa kuota keloidi, yaani makovu yanayovimba na kuenea kupita kidonda chenyewe. Mtu ambaye yeye au ndugu zake wamewahi kupata makovu hayo, baada ya kutoga sikio kwa mfano, hapaswi kabisa kupuuza jambo hili. Faida nayo ipo: nywele zilizosokotana hufunika ngozi nyingi kwa idadi ndogo, na hivyo mtu hahitaji mafungu mengi kama mwenye nywele zilizonyooka.

Dawa na sheria za michezo

Mara nyingi daktari humpa anayepandikizwa dawa za kuzihifadhi nywele zilizobaki. Hapa ndipo mwanamichezo anapotofautiana na watu wengine wote, kwa maana kila akimezacho chaweza kuulizwa.

Finasteridi iliruhusiwa Marekani kwa ugonjwa wa tezi dume mwaka 1992, na kwa upara mwaka 1997. Mwaka 2005 Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa za Kuongeza Nguvu Michezoni, WADA, liliiweka katika orodha ya vitu vilivyokatazwa. Haikuwa kwa sababu huongeza nguvu. Ilikuwa kwa sababu iliweza kuficha dalili za dawa nyingine katika mkojo. Zach Lund, Mmarekani aliyeshindana katika mchezo wa kuteleza juu ya barafu kwa kigari kichwa kikiwa mbele, alikuwa ameitumia kwa miaka kadhaa kwa ajili ya nywele zake, na kila alipopimwa aliiandika waziwazi katika fomu. Mwaka 2005 hakuitazama orodha mpya. Februari 2006, Michezo ya Olimpiki ya Torino ikiwa imewadia, Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilikubali kwamba hakuwa mdanganyifu, lakini ikamfungia mwaka mmoja. Michezo ile ikampita. Mwaka 2007 Romário wa Brazili naye alikutwa na dawa hiyo akiwa na miaka 41, akafungiwa, kisha mwaka 2008 akaondolewa adhabu.

Tangu mwaka 2009 finasteridi imeondolewa katika orodha hiyo, kwa kuwa maabara zimepata njia bora za kupima. Funzo lake halikuondoka. Orodha hubadilishwa kila mwaka, na unyofu wa mtu haumwokoi asipoisoma. Hata leo ziko dawa zinazohusiana na nywele ambazo zaweza kumponza mwanamichezo. Spironolaktoni, ambayo baadhi ya wanawake hupewa nywele zinaponyonyoka, imekatazwa wakati wote. Vidonge vya prednisoloni, ambavyo baadhi ya madaktari huvitoa kupunguza uvimbe wa uso baada ya kupandikiza, vimekatazwa wakati wa mashindano. Minoksidili ya kupaka haikukatazwa. Mwanamichezo hana budi kumwonyesha daktari wa timu yake jina la kila dawa kabla ya kuimeza, na kuomba kibali cha matibabu panapohitajika.

Isisahauliwe pia kwamba baadhi ya vijana hujiletea upara wenyewe. Dawa haramu za kujenga misuli ni za jamii moja na testosteroni, na kwa aliyerithi wepesi wa upara huuharakisha. Kulipia upandikizaji huku mtu akiendelea kujidunga dawa hizo ni kuchota maji kwa pakacha.

Hoja ya wanaoharakisha

Kijana aweza kujibu kwamba nywele zina thamani ujanani kuliko uzeeni, na kwamba kuambiwa angoje miaka minane ni kuambiwa ayapoteze maisha yake mazuri. Hoja hii ina uzito, wala haifai kudharauliwa. Fadhaa ya kijana anayechekwa ni maumivu ya kweli.

Lakini kungoja si kukaa bure. Kwanza kabisa yampasa ajue kama ni upara kweli. Mapunye huondoa nywele kwa mabaka, nayo huponywa kwa dawa. Kusuka au kufunga nywele kwa kuzivuta sana huzing'oa pembeni, na wasichana wengi wanariadha huliona hilo bila kujua chanzo chake. Bondia aliyejinyima chakula ili apunguze uzito, au mkimbiaji aliyepungukiwa madini ya chuma, aweza kunyonyokewa nywele kichwa kizima miezi miwili au mitatu baadaye, kisha zikarudi akila vizuri. Katika hali hizo upasuaji ungekuwa hasara tupu. Ikithibitika kuwa ni upara wa kurithi, ziko dawa za kuuchelewesha, ambazo zina madhara yake na hutumiwa kwa ushauri wa daktari. Kupiga picha ya kichwa mara moja kila baada ya miezi sita kutamwonyesha mwendo wa upara wake, na picha hizo ndizo zitakazomsaidia daktari kukata shauri baadaye.

Njia ya kunyoa nayo ipo, haigharimu kitu. Zinedine Zidane alifunga mabao mawili kwa kichwa katika fainali ya Kombe la Dunia tarehe 12 Julai 1998, utosi wake ukiwa umekwisha kuwa mtupu. Hakuna aliyeuliza habari za nywele siku ile.

Wajibu wa shule

Kijana wa shule aliye katika timu ya mkoa leo aweza kuwa mchezaji wa kulipwa kesho, na tangazo la kliniki litamfikia kabla ya daktari wa timu. Ni vyema basi mada hii ifundishwe darasani, pale somo la homoni na la urithi linapofika, na ile hesabu ya mafungu 6,000 ifanywe ubaoni na wanafunzi wenyewe kwa tarakimu mbalimbali. Walimu wa michezo nao wawazoeze vijana kuuliza, kabla ya kumeza kidonge chochote, kama kimo katika orodha ya mwaka huo. Na dhihaka kwa mwenye upara zikomeshwe uwanjani na bwenini, kwa kuwa ndizo zinazowasukuma wengi kwenda kwa mpasuaji kabla ya wakati.

Wahenga walisema akiba haiozi. Nywele za kisogoni ni akiba ya namna hiyo: atakayeihifadhi mpaka ajue mahitaji yake ataikuta ipo, na tiba wakati huo huenda ikawa bora kuliko ya leo. Aliyekwisha kuitumia yote akiwa na miaka 20 hana mahali pa kukopa.